Kumpiga mtu picha na kumpigia mtu picha

Kitenzi piga ni miongoni mwa vitenzi vilivyobebeshwa mizigo mingi zaidi katika Kiswahili. Tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga deki, tunapiga kura, tunapiga simu, tunapiga hodi, tunapiga soga. Katika mafungu hayo yote hakuna anayeumia. Ile maana ya asili ya kugonga au kuchapa imefifia, na uzito wa maana umehamia kwenye nomino inayokifuata kitenzi. Ndivyo ilivyo pia kwa kupiga picha. Mwambie mgeni anayejifunza Kiswahili kwamba jana ulipigwa picha na rafiki yako, huenda akakupa pole. Sisi wenyewe hatushtuki.

Leo nataka tushtuke kidogo. Kwa miaka kadhaa sasa zimezagaa katika simu zetu picha za usiku zilizopigwa upande huu wa bara wa Mombasa: Changamwe, Magongo, Chaani, Mikindani, na hapa ninapoishi, Port Reitz. Nyingi hupigwa na vijana, kwa simu zao au kwa kamera za kuazima, na baadhi ni kazi nzuri kweli. Utaona barabara iliyolowa mvua, taa za trela zikimetameta kwenye madimbwi, mwendesha bodaboda amejikunyata chini ya mwavuli, mtu mmoja aliyevaa sweta ya kofia akiipa kamera mgongo. Rangi ni zambarau, samawati na waridi. Ukiwauliza wapigaji rangi hizo zimetoka wapi, hawafichi: Shinjuku. Wametazama picha za mtaa huo wa Tokyo, wenye mabango ya taa kila ukuta na stesheni inayopitisha mamilioni ya abiria kwa siku, na wanataka Magongo nayo ipate uso kama ule.

Sina ugomvi na kuiga. Kiswahili chenyewe ni mkopaji hodari. Neno picha tumelitoa Kiingereza. Neno sanamu, ambalo wazee wetu walilitumia pia kwa michoro na picha, lina asili ya Kiarabu. Siku hizi tumewaachia wachongaji kama wale wa ushirika wa Akamba walioko kandokando ya Barabara ya Port Reitz tangu miaka ya 1960. Neno taswira nalo ni la Kiarabu, na huko kwao lina uhusiano wa moja kwa moja na kuchora na kupiga picha. Sisi tukawakabidhi wahakiki wa fasihi waitie katika mashairi na riwaya. Kukopa si kuiba. Ila mkopaji anayejiheshimu hujua amekopa nini, na kutoka kwa nani. Hapo ndipo vijana wetu wanaponipa shaka.

Wajapani huiita picha ya kamera shashin. Neno hilo huandikwa kwa alama mbili: ya kwanza ina maana ya kunakili, ya pili ina maana ya ukweli. Kwa jina lake tu, picha ni nakala ya ukweli. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kikazuka kizazi cha wapiga picha waliolitilia jina hilo mashaka. Japani ilikuwa imechafuka: wanafunzi barabarani, mkataba wa usalama na Marekani ukipingwa, miji ikijengwa kwa kasi ya kumfanya mwenyeji apotee mtaani kwake. Kizazi hicho kilikuwa na jarida lake, Provoke, lililotoka mara tatu tu kati ya 1968 na 1969. Daido Moriyama, aliyezaliwa 1938, alijiunga nalo katika toleo la pili. Ni kana kwamba waliuliza: ukweli upi huo, na ameunakili nani?

Mtindo wao ulijulikana kwa maneno matatu: are, bure, boke. Are ni ile hali ya picha kuwa na chembechembe, kana kwamba imenyunyiziwa mchanga. Bure, na msomaji wangu asidhani ni ile bure yetu ya kutolipa, ni mtikisiko unaotokea mkono unapoyumba. Boke ni ukungu wa kitu ambacho kamera haikukilenga sawasawa. Ndilo neno lililovuka bahari na leo limo katika simu nyingi, ambapo mtu akibonyeza tu nyuma yake panakuwa ukungu laini. Kwa Moriyama na wenzake, mchanga, mtikisiko na ukungu havikuwa mapambo. Vilikuwa hoja. Walikuwa wakisema kwamba mji haushikiki, kwamba anayedai kuuona mji wote kwa uwazi anadanganya. Picha yake inayojulikana zaidi, ya 1971, si ya jengo wala taa. Ni ya mbwa koko anayemgeukia mpigaji kwa jicho la kutomwamini.

Sasa tazama tulichokopa. Moriyama alitembea Shinjuku usiku na mchana kwa miongo, na sehemu kubwa ya kazi zake mashuhuri ni nyeusi na nyeupe. Zile waridi na samawati si zake. Zimetoka katika filamu, matangazo na michezo ya kompyuta, zikafungwa katika programu ya simu, zikauzwa kwa jina la Tokyo. Kijana wa Chaani anapoigeuza njano ya taa ya barabarani kuwa zambarau hajamwiga mpiga picha yeyote wa Kijapani. Amemwiga muuza programu.

Na hasara yake ipo. Usiku wa Port Reitz una mwanga wake, tena wa aina nyingi kuliko tunavyodhani. Kuna mwanga wa koroboi kwenye meza ya samaki wa kukaanga. Kuna wekundu wa makaa chini ya mishikaki na mahindi. Kuna taa za ndege zinazoshuka juu ya mapaa kuelekea uwanja wa Moi. Kuna weupe mkali wa taa za bandari ng'ambo ya Kipevu, ambako kuna kituo cha pili cha makontena kilichojengwa kwa mkopo wa Japani na ambacho awamu yake ya kwanza ilianza kazi mwaka 2016. Kwa hiyo hata kijana anayetaka Japani katika picha yake hana haja ya kutia rangi: ageuke tu upande wa bandari, atazame deni letu likiwaka usiku kucha. Picha inayovifuta vyote hivyo ili ipate waridi imetoa mahali, ikatia mapambo.

Lakini kosa la rangi ni dogo. Kubwa zaidi ni mahali pa mtu katika picha hizo, na hapa narudi kwenye sarufi.

Mtaa wa Kabukicho, uliomo katika Shinjuku, uliwahi kuwa na mpiga picha mwingine ambaye vijana wetu hawamtaji. Anaitwa Katsumi Watanabe, aliyezaliwa 1941 na kufariki 2006. Kuanzia miaka ya 1960 alizunguka Kabukicho usiku na kamera yake kama mchuuzi. Akikutana na mtu aliyetaka picha, humpiga pale pale barabarani, kisha usiku unaofuata humletea nakala tatu kwa yeni 200. Wateja wake walikuwa watu wa usiku: wahuni wa magenge, wanawake waliouza miili, wanaume waliovaa kike, wahudumu wa baa, vijana waliotoroka kwao. Mwaka 1973 picha hizo zilitoka katika kitabu, na leo wahakiki wanaziweka katika daraja la juu kabisa la picha za mitaani za Japani. Zitazame vizuri. Aghalabu hakuna aliyegeuza mgongo. Aghalabu mtu amesimama, amejitengeneza, anaitazama kamera kwa macho makavu, kana kwamba anasema: ni mimi huyu, nitolee picha ninayoitaka mimi.

Kwa Kiswahili tofauti kati ya Moriyama na Watanabe ni ya silabi moja tu. Moriyama aliwapiga watu picha. Watanabe aliwapigia. Walimu wa sarufi huiita kauli hii ya pili kauli ya kutendea. Mzizi ni ule ule, pig-, lakini kiambishi -i- kinapoingia kinaleta mtu wa pili katika tendo: yule ambaye jambo linafanywa kwa ajili yake. Nimpige picha maana yake yeye ndiye kitu kilicho mbele ya kamera. Nimpigie picha maana yake yeye ndiye mwenye shughuli, mimi ni fundi tu. Mtoto wa Mombasa anajua tofauti hii kabla hajaijua shule: anapotaka picha husema nipigie, na anapokasirika kwamba kapigwa bila habari husema, mbona wanipiga?

Tuna Watanabe wetu, tena wengi, na hatukuhitaji kwenda Tokyo kuwatafuta. Katika miaka ya 1990 karibu na feri ya Likoni palikuwa na safu ya vibanda vya wapiga picha. Mtafiti Mjerumani Heike Behrend aliwaandikia makala, kisha akawatia katika kitabu chake kuhusu picha na pwani ya Afrika Mashariki kilichotoka 2013. Vibanda hivyo vilipambwa kwa vitambaa, maua ya plastiki, nyota, michoro ya meli, ndege na majiji ya mbali. Mteja, aghalabu kibarua aliyetoka bara kutafuta riziki, alisimama mbele ya ndege ambayo hakuwahi kuipanda, akapigiwa picha, ikaoshwa, akaituma kwao. Kule nyumbani mama na ndugu waliona kwamba kijana wao yuko, anavaa, anakula, yu hai.

Hazikuwa picha za usiku hasa, na kwa jicho la ufundi zipo zilizo dhaifu: watu wamekauka, pambo linamfunika mwenyewe. Hata hivyo nathubutu kusema kwamba ndizo picha za mitaani zenye uzito mkubwa kuliko zote zilizowahi kupigwa upande wetu wa bara. Sababu ni kwamba mtu aliyemo ndiye aliyeamua awe nani. Kumbuka pia wakati. Machafuko ya Agosti 1997 kule Likoni yaliwalenga watu waliotoka bara, wakaitwa wageni na kufukuzwa. Wapiga picha wa feri na wateja wao, wengi walikuwa wa kutoka huko huko bara. Katika mji ambapo mtu anaweza kuambiwa kesho kwamba hapa si kwao, karatasi inayomwonyesha amesimama mbele ya feri, kwa nguo zake nzuri, kwa hiari yake, si pambo la ukutani. Ni ushahidi kwamba alikuwepo. Hata Lamu kulikuwa na fundi wa namna hiyo, Omar Said Bakor, aliyefariki 1993, aliyekata na kuunganisha vipande vya picha hadi mteja akaonekana anavyotaka kuonekana.

Msomaji makini atanikatiza hapa. Atasema: mwalimu, kauli ya kutendea si ya wema tu. Na atakuwa sahihi. Mama akisema fulani kanipigia mwanangu, hana maana kwamba fulani amemsaidia kumlea. Ana maana kwamba mtoto kachapwa na yeye ndiye aliyeumia. Kiambishi kile kile kinachobeba faida hubeba na hasara. Muktadha ndio unaoamua. Kwa hiyo hata tukisema fulani kapigiwa picha, bado tutauliza: kwa heri au kwa shari? Nanyi mnaelewa kwamba zipo picha za shari. Mtu alienda baa kujiburudisha, kesho yake akajikuta tangazo la baa hiyo. Mnamo Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza baa moja ya Nairobi faini ya Sh1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja mitandaoni bila idhini yake. Msingi wa faini hiyo ni Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na nyuma yake Kifungu cha 31 cha Katiba kinachompa kila mtu haki ya faragha. Sheria, kwa lugha yake kavu, inasema jambo ambalo hodi imekuwa ikilisema siku zote: kupiga peke yake hakutoshi, subiri uitikiwe karibu.

Basi je, kila picha ya usiku ipigwe kwa idhini? Ningependa jibu liwe rahisi. Si rahisi, na kesi mbili za hapa nchini zinanizuia kulitoa harakaharaka.

Ya kwanza ni ya Msingi Sasis, mpiga picha wa Nairobi anayejulikana kwa mfululizo wake aliouita Nairobi Noir. Noir ni neno la Kifaransa lenye maana ya nyeusi, na linatumika kwa filamu za giza na uhalifu. Sasis aliupiga picha mji mkuu usiku: vichochoro, taa za barabarani, watu wachache wakipita kama vivuli. Mwaka 2015, akiwa katika kazi hiyo hiyo, alikamatwa na maafisa wa usalama waliomshuku kuwa gaidi. Ulikuwa wakati mgumu. Nchi haikuwa imepoa tangu shambulio la Westgate la Septemba 2013. Wenzake wakapaza sauti mitandaoni kwamba kupiga picha si hatia.

Kiswahili kilikuwa kimeshaiona hatari hiyo. Tuna maneno mawili yanayofanana, mwanga na mwanga. La kwanza ni nuru. La pili ni mtu, wingi wake wanga: yule mchawi anayetembea usiku bila shughuli inayojulikana. Neno moja kwa masikio, mawili kwa ngeli. Mtu anayezunguka saa nane za usiku akitafuta mwanga ni rahisi sana kuonekana yeye ndiye mwanga. Kule Nairobi askari walimwita gaidi. Bibi zetu wangemwita jina jingine, lakini shaka ni ile ile: usiku una kazi zake, na asiye na kazi ajieleze. Hapa Port Reitz, kati ya bandari, uwanja wa ndege na matangi ya mafuta, shaka hiyo ni kali zaidi. Kijana mwenye kamera hana budi kulijua hilo, na sisi hatuna budi kumtetea anapokuwa na haki.

Kama mhakiki, naiona Nairobi Noir kuwa kazi ya kweli kuliko waridi letu la kuazima. Giza lake ni la Nairobi. Lakini nayo ina pengo: watu wake ni vivuli. Wanaupamba usiku, hawausimulii. Ukizitazama nyingi mfululizo unaanza kusahau kwamba yule anayepita ni mlinzi anayekwenda zamu au mama anayerudi na kapu tupu. Kivuli katika Kiswahili ni cha mtu aliye hai, na pia ni mzimu. Mpiga picha akimfanya kila mtu kivuli, sisi watazamaji hatujui ametuonyesha kipi.

Kesi ya pili ni ya hapa kwetu. Tarehe 27 Machi 2020, jioni ya kwanza ya kafyu ya korona, watu walijazana feri ya Likoni wakitaka kuvuka kabla ya saa moja. Polisi wakawarushia vitoa machozi na kuwapiga virungu. Nchi nzima iliyaona hayo kwa sababu wapo waliopiga picha na video. Hawakumwomba mtu idhini. Usingeweza kumwendea mtu aliyelazwa chini akichapwa ukamwambia, samahani ndugu yangu, naomba nikupige picha. Lakini picha zile zilipigwa kwa ajili ya waliokuwa chini, si kwa ajili ya aliyeshika kamera. Katika sarufi ninayoitetea, hao nao walipigiwa.

Kwa hiyo mizani yangu si ya idhini peke yake. Idhini ni mlango wa kawaida, na wa kuheshimiwa. Ila swali lililo nyuma yake ni la kiambishi: huyu aliyemo katika picha ana nafasi gani katika tendo? Ni kitu kilichopigwa, au ni mtu aliyepigiwa? Anayemwonyesha mnyonge akionewa anaweza kumpigia bila kumwuliza. Anayemwonyesha muuza chapati ili apate sifa za mtandaoni hawezi.

Nimetaja chapati kwa sababu. Usiku mmoja pale Magongo nilikuwa kwenye foleni ya mama mmoja anayeuza chapati na maharagwe hadi saa sita usiku, wateja wake wengi wakiwa madereva wa trela, mautingo na vibarua wa bandarini. Kijana akaja na kamera, akachutama, akapiga mara tatu nne, flashi ikatupofusha sote. Mama hakukasirika. Akamwuliza, "Sasa hiyo picha yanifaa nini mie, mwanangu?" Kijana kwa adabu akasema, "Nitakutumia kwa WhatsApp, mama." Mama akacheka, akachomoa simu yake chini ya leso. "Hii ni mulika mwizi. Itaingilia wapi?" Foleni nzima ikacheka, kijana naye akacheka, akaenda zake.

Mulika mwizi, kwa msomaji asiyeijua, ni ile simu ndogo ya kubonyeza yenye kurunzi kichwani. Jina limetolewa na watu, si na kamati ya istilahi, na ni zuri kuliko nyingi zitolewazo na kamati. Mimi swali la mama lile naliona ni uhakiki kamili. Hakuuliza kuhusu mwanga, wala rangi, wala boke. Aliuliza habari ya kiambishi -i-. Watanabe angemrudia usiku wa pili na nakala tatu. Wale wa feri wangempa karatasi aipeleke kwao. Sisi tuna vibanda vya kutolea picha kila kona ya Changamwe, na nakala moja haizidi bei ya chapati chache. Kisingizio hatuna.

Nimalizie kwa jambo lililo karibu zaidi na safu hii: maneno yanayoandikwa chini ya picha hizo. Mengi ni Kiingereza, na sitalia kwa hilo leo. Yaliyo kwa Kiswahili ndiyo yanayonikera. Picha iliyopigwa saa mbili, watoto wangali nje na maduka yamefunguliwa, inaitwa usiku wa manane. Manane, ambayo wengi huyahusisha na saa nane za usiku, ni ule wakati ambapo hata mbwa wamenyamaza. Lugha yetu imeugawanya usiku kwa uangalifu mkubwa: kuna magharibi, kuna isha, kuna usiku ungali mchanga, kuna manane, kuna jogoo la kwanza, kuna alfajiri. Kila kipande kina watu wake. Wakati wa isha barabara ni ya wanaorudi nyumbani. Wakati wa manane ni ya madereva wanaosubiri zamu yao ya kuingia bandarini na walinzi wanaopambana na usingizi. Jogoo la kwanza ni la mama wa mahamri anayewasha jiko. Ukiita vyote usiku wa manane umewachanganya watu ambao hata hawajuani. Ni kosa la lugha, na ni kosa la picha pia, kwa sababu mpigaji asiyejua ni saa ngapi hajui aliyempiga ni nani.

Tena kuna huu mtindo wa vyombo vya habari wa kusema kamera ilimnasa fulani. Kunasa ni kwa mtego na ndege, au kwa mwizi. Tukilitumia kwa kila anayepita mbele ya lenzi, tunamhukumu kabla hajatenda. Na ile kuchukua picha inayopendwa siku hizi, ni tafsiri ya moja kwa moja ya Kiingereza. Katika Kiswahili anayechukua huondoka na kitu, na aliyechukuliwa hubaki bila. Labda wapenzi wa fungu hilo wamesema ukweli pasipo kukusudia.

Hata jina Port Reitz lina funzo. Luteni John James Reitz, afisa wa Waingereza, aliwekwa kuitawala Mombasa mwaka 1824 wakati wa ulinzi wa Kapteni Owen, akafa mwaka uo huo. Alikaa nasi miezi tu, jina lake likabaki kwenye hori, barabara na hospitali karne mbili. Wanaouza chapati, wanaolinda maghala na wanaosukuma mikokoteni hapa wamekaa miaka na miaka, na katika picha zetu wenyewe bado tunawaita mtu mmoja, kivuli, mandhari.

Kwa hiyo ombi langu kwa vijana wa kamera ni fupi. Acheni njano iwe njano. Andikeni saa na mahali. Mtu akikubali jina lake litajwe, litajeni, asipokubali, mheshimuni. Mkishapiga, chapisheni nakala moja mrudi nayo. Na walimu wenzangu mnaosumbuka kufundisha kauli ya kutendea kwa sentensi za Juma na mpira, wapeni wanafunzi picha mbili za usiku, moja ya mtu aliyepigwa na moja ya mtu aliyepigiwa, muwaulize tofauti iko wapi. Hawatakosa kuiona.